Gari la Viti Viwili

Kila asubuhi, kabla bosi Materu hajafungua ofisi,
nalifuta vumbi la Njiro.
Mwezi wa kumi na nne huu.
Lililetwa jekundu kama pilipili iliyoiva;
sasa, upande unaopigwa na jua,
ni nyanya ya juzi.

Viti viwili tu.
Mama alishuka kutoka Machame kunijulia hali,
akachungulia dirishani, akauliza:
"Na watoto, Eliakunda?"
Nikamwambia wanunuzi wake hawana haraka ya watoto.
"Na mkungu wa ndizi?"
Hapo sikuwa na jibu.

Liko chini mno.
Kutoka bandarini lilipanda mgongoni mwa lori
kama bibi harusi asiyekanyaga matope,
maana toka geti letu hadi kona ya Impala
nimehesabu matuta tisa,
na kila tuta lina meno.

Aliyelitolea arbuni ni Loserian, dalali wa mawe.
Alikuja na noti ndani ya begi la shule la mwanawe,
la bluu, lenye zipu mbovu,
tukahesabu mpaka adhuhuri, vidole vikaota weusi.
Mawe yalikuwa yanatembea siku hizo.
Mererani ilikuwa haijui Jumapili.

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakaacha kupokea simu.
Yakalala mawe.
Vikalala vitanda vya hoteli bila watu,
shuka zimenyooshwa, zinamsubiri nani.
Madereva wa watalii wakaanza kucheza bao
saa nne asubuhi, wamevaa kofia zao za kazi.
Mjini wanasema vyuma vimekaza.
Mimi nakiona kimoja tu,
kimeegeshwa, kinang'aa, hakina mwenyewe.

Bei tumeiandika upya mara tano.
Sifuri ni zilezile;
tarakimu ya mbele ndiyo inayoshuka ngazi
kama mgonjwa anayeshika ukuta.

Usidhani matajiri wamekwisha.
Nawaona wakipita, vioo juu, magari ya kijivu.
Mmoja alisimama, akalizunguka mara mbili,
akagusa boneti kwa ncha ya kidole.
"Kununua hili mwaka huu," akasema,
"ni kucheka matangani."
Akaondoka na kadi yetu. Hakupiga.

Jirani yetu Bi Elinami, muuza vipuri vya pikipiki,
anafunga duka saa tatu usiku.
Hakuna anayenunua kipya;
kila mtu anashonea alichonacho.
Mshahara wangu ukawa nusu,
kisha ukawa "tutaongea".

Bosi akabuni njia: picha.
Elfu tano kusimama kando, elfu kumi kukaa ndani.
Wakaja wahitimu na majoho yao,
wakaja maharusi, shela ikanaswa mlangoni,
akaja kijana mmoja peke yake, amekopa miwani.
Jumamosi hizo ndizo zilizonilipia dawa ya kung'arishia.

Jana, mvua ya kwanza, akaja Loserian kwa miguu.
Koti ni lilelile; mabega ya koti yamebaki mapana,
yeye ndiye kapungua.
Hakutaja hela. Akasema,
"Niwashie tu, nilisikie."
Nikazungusha ufunguo: tk.
Betri ilikufa tangu Pasaka, na hatukununua nyingine.

Akaniashiria nikae kando yake.
Mvua ikalipiga paa.
Akashika usukani, akafumba macho,
na nikamsikia, polepole, kooni mwake,
gia ya kwanza,
gia ya pili,
akafika kwenye tuta, akapunguza,
akalivuka kwa adabu, akaongeza tena.
Sikucheka. Nilijishika mkanda.

Aliposhuka aliinama, kama kila anayeshuka humo,
awe nazo, asiwe nazo.
Akajifuta mvua usoni,
akaelekea ofisini kuulizia arbuni yake,
begi la bluu limekunjwa kwapani.